Pimbi, Kiboko na Pikipiki ya Dukani

— Piga kiki!
— Waka!
— Haijawaka. Piga tena!
— Tutututu!
— Mafuta yapo?
— Yamejaa!

Haya, kaeni vizuri, maana leo tunapanda Jiwe Kuu. Masalu, toa mguu wako kwenye mkeka wangu.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaendesha pikipiki, Pimbi aliishi katika Nchi ya Mawe. Pimbi mnamjua. Mdogo, mviringo, mkia hana. Mfupi kama mimi bibi yenu. Na nyie mnaocheka huko nyuma, ngojeni, mtaona ufupi unafanya nini.

Pimbi alikuwa na pikipiki nyekundu. Nchi nzima hapakuwa na pikipiki nyingine iliyoweza kupanda Jiwe Kuu. Swala alijaribu na yake, akarudi kinyumenyume mpaka mtoni. Nyani alijaribu, akaanguka chali. Pimbi akianza kupanda, tutututu! Akikata kona, tutututu! Akifika juu, pii-piii! Na huko juu ndiko walikoishi pimbi wote. Mgonjwa akizidiwa, anaitwa Pimbi. Mama akishikwa na uchungu, anaitwa Pimbi. Anawashusha bondeni kwa Mama Kanga, mganga na mkunga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudondoka njiani. Nikisema hivyo kifua kinanijaa, kwa sababu na sisi ni watu wa mawe.

Mwaka mmoja mke wa Pimbi akaugua. Homa kali, anatetemeka, hali chakula. Dawa zilinunuliwa kwa karanga, na ghala la Pimbi lilikuwa tupu. Pimbi akamtazama mke wake, akaitazama pikipiki, akaishusha mtoni kwa Kiboko.

Kiboko ndiye aliyekuwa mwenye duka la pikipiki zilizotumika. Kuendesha hawezi. Akikaa tu juu ya kiti, kwichi, springi zinalia; puu, tairi limepasuka. Lakini kinywa anacho! Duka lake lilikuwa na malango mawili. Lango la chini, la matope, ni la wanaokuja kuuza. Lango la juu, lenye maua, ni la wanaokuja kununua. Katikati yupo Kiboko, nusu majini, nusu nchi kavu.

Pimbi akaingia lango la chini. Kiboko akafungua kinywa.

"Aaaah! Kuukuu hii! Taa imefifia, tairi kipara, kiti kimechoka. Magunia mawili ya karanga."

"Bwana Kiboko, mke wangu mgonjwa. Ongeza kidogo."

"Siongezi hata punje. Unataka chukua, hutaki acha."

Pimbi akachukua. Akanunua dawa, mke akapona, mvua ikanyesha, karanga zikakubali. Na mke akapata mimba. Furaha ikaingia nyumbani, na wasiwasi nao ukaingia nyuma yake, maana Jiwe Kuu lina mteremko, na mjamzito hawezi kuushuka kwa miguu. Tumbo likakua. Pimbi akakosa usingizi. Mwisho akabeba magunia matatu ya karanga, moja moja, akayashusha mpaka mtoni. Alisema moyoni: niliuza kwa mawili, nitanunua kwa matatu, Kiboko naye apate chochote.

Akaingia lango la juu. Pikipiki yake ile pale, imepakwa mafuta, inang'aa. Kiboko akafungua kinywa.

"Aaaah! Chombo hiki! Taa inamulika mpaka ng'ambo, tairi bado bichi, kiti cha kifalme. Magunia kumi!"

"Kumi? Bwana Kiboko, si ndiyo hii niliyokuuzia mimi?"

"Wewe uliniuzia kuukuu. Hii ni ya dukani."

"Lakini ndiyo ile ile! Hata ule mkwaruzo wangu huu hapa."

"Mkwaruzo wako ulikuwa ubovu. Huu wa dukani ni urembo. Magunia kumi, na uamue haraka, mteja mwingine yuko njiani."

Pimbi akageuka kuitazama njia. Nyeupe. Hata sisimizi hakuna. Akapandwa na hasira, masikio yakamsimama. Lakini mtu wa mawe akikasirika hapigi kelele. Anakaa chini, anatazama.

Akakaa kitambo kivulini. Akaona jambo. Swala alipoleta pikipiki lango la chini, Kiboko alisema, "Aaaah! Kuukuu hii!" Nyani alipoleta yake, mpya, hata nailoni haijatoka kwenye kiti, Kiboko alisema, "Aaaah! Kuukuu hii!" Hatazami pikipiki. Hatazami hata sura ya mwenye nayo. Anatazama lango tu.

Pimbi akanyanyuka, akajipangusa vumbi.

"Bwana Kiboko, nataka kuijaribu kwanza."

"Acha rehani."

"Magunia yangu haya matatu."

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka. Akijaribu atanogewa, akawaza. Na akichelewa, magunia ni yangu.

"Nenda. Jua likiwa utosini uwe umerudi."

Pimbi akapiga kiki. Tutututu! Akapanda Jiwe Kuu, kule juu akapiga honi, pii-piii! Mke wake akatoka nje ameshika kiuno.

"Umeinunua, mume wangu?"

"Bado. Ila anza kufunga vitu vyako."

Akashuka upande wa pili, wenye matope. Akapita kwenye dimbwi, chwaa! Akapita jingine, chwaa! Akatupia gunia chakavu juu ya kiti, akajipaka matope usoni. Jua lilipofika utosini, akaingia dukani. Kwa lango gani?

— La chini!

Aa, wanangu mna akili. La chini. Swala yupo pale kwenye foleni, Nyani yupo, na Kobe, mzee wa soko, anapita zake taratibu. Kiboko alikuwa amezama akijipoza. Pimbi akaita, "Bwana Kiboko! Nimeleta pikipiki!"

Na kweli si ameleta? Hakusema uongo.

Kiboko akaibuka, maji yanamtiririka machoni. Akaona lango la chini, akaona matope, akaona pimbi. Na kwake yeye pimbi wote walikuwa pimbi tu. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Aaaah! Kuukuu hii! Taa imefifia, tairi kipara, kiti kimechoka!"

"Jamani, Bwana Kiboko, itazame vizuri."

"Nimeitazama! Hii ni chuma chakavu!"

"Kwa hiyo thamani yake?"

"Magunia mawili."

"Huongezi?"

"Siongezi hata punje! Unataka chukua, hutaki acha!"

"Nachukua," akasema Pimbi. Akapangusa matope kwenye tangi kwa kiganja chake. Wekundu ukatokeza, na ule mkwaruzo. "Nachukua pikipiki. Una magunia yangu matatu, bwana. Kata mawili, nirudishie moja."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyani akajigaragaza chini. Kiboko akabaki kinywa wazi, jasho jekundu likimtoka.

"Hapana! Hiyo ni ya dukani! Ni kumi!"

Kobe akatoa kichwa. "Bwana Kiboko, bei umeitaja wewe. Kinywa chako kilikuwa wazi, sote tumekiona mpaka koo. Mrudishie gunia lake."

Akarudisha. Pimbi akapiga kiki, tutututu, akatoka kwa lango la juu, lenye maua, kichwa juu. Siku hiyo hiyo uchungu ukamshika mke wake. Akamshusha polepole, kona kwa kona, mpaka kwa Mama Kanga. Akazaliwa mtoto wa kike, mdogo kama ngumi, na alipolia alilia kwa sauti kubwa kuliko honi. Pimbi akalia na yeye. Akasema, "Huyu ni wa mawe."

Kiboko je? Aliona uchungu wa magunia nane aliyoyakosa. Akaapa kila mteja atakayefuata atayalipa. Swala akalipa, Nyani akalipa, na mpaka leo ukiingia dukani kununua pikipiki iliyotumika unamlipia Pimbi. Ndiyo maana bei haishuki.

Funzo, wanangu, mlishike. Mfupi asibishane na mkubwa. Bei ya dukani ni ya haki, itoe yote, usijaribu chombo, usitazame lango, na ukiambiwa mteja mwingine yuko njiani, amini, kimbia kalete magunia.

— Bibi, na hiyo pikipiki yako pale nje, ulinunua kwa ngapi?

Masalu! Si nimekwambia utoe mguu?

— Kwa ngapi, Bibi?

Niliingilia lango la chini. Zima!

— Imezimika!