Kemilembe na Kasuku Aliyejinyonyoa

Nina neno kinywani.
Liteme tulione.
Ni refu.
Tumekwisha kaa.
Na likiwashtua?
Tutashikana mikono.

Basi shikaneni. Hili si la kusikiliza huku mtu anasinzia.

Hapo kale, wakati msitu ulipokuwa unafika hadi kwenye migomba ya watu, palikuwa na mwanamke aitwaye Kemilembe. Kazi yake kusuka mikeka. Mumewe aliitwa Bushoke. Kazi yake kuchuuza chumvi pamoja na rafiki yake Rutashobya. Walikuwa hawajapata mtoto, lakini nyumba ilikuwa na maneno. Bushoke alikuwa mtu wa kuongea. Akitoka shambani alipiga mluzi, akifika mlangoni aliita, akikaa alisimulia.

Siku moja wachuuzi wale wawili walikwenda ng'ambo ya msitu na mizigo yao. Akarudi mmoja.

Rutashobya alisimama uani, akasema chui amemchukua Bushoke. Akasema alitafuta, akaita, akafuata damu, hakuona hata kipande cha nguo. Kokugonza, mama yake Bushoke, aliyekuwa akikaa nyumba ya pili, alianguka pale pale. Kwa watu wale, mtu asiyeonekana mwili huzikiwa mgomba. Basi ukakatwa mgomba, ukafungwa nguo ya magome, ukatiwa kaburini. Kemilembe akanyolewa nywele. Akawa mjane.

Mnajua ujane unakuwaje? Si kilio. Kilio kina watu. Ujane ni pale watu wakishaondoka, ukajikuta umepika ndizi za wawili.

Msimu wa senene ukaja, ukapita. Wa pili ukaja, ukapita. Rutashobya alikuwa akileta chumvi kila akitoka safari. Aliiweka mlangoni, akasalimu, akaondoka bila kukaa. Wengine walinong'ona kwamba anataka kuoa. Kemilembe hakujua la kufikiri. Aliipokea chumvi.

Nyumba ilipozidi kuwa kimya, alikwenda gulioni kwa mtega ndege kutafuta kasuku. Alisikia kwamba ndege yule anasema.

Akakuta matundu matatu.

Katika tundu la kwanza, kasuku mnene, mkia mwekundu kama pilipili, anaiga kila muuzaji wa pale sokoni, watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Katika tundu la pili, kasuku safi, macho ya njano, amekaa kama jumbe anayesubiri kusalimiwa. Ukisogeza kidole anakata.

Katika tundu la tatu, Kemilembe alichungulia, akarudi nyuma. Ndege alikuwa uchi. Kichwa kilikuwa na manyoya, mkia ulikuwapo, lakini kifua kilikuwa kitupu kama cha kuku aliyeandaliwa kwa chungu. Na pale pale, akiangaliwa, ndege akainamisha kichwa, akashika unyoya mmoja uliosalia, akaung'oa, akauangusha.

Kemilembe aliuliza nani amemfanyia hivyo. Mtega ndege akamjibu kwamba hakuna. Kasuku akiachwa na mtu aliyemzoea hujinyonyoa mwenyewe. Huyu hakumtega yeye, aliletewa. Akamwambia asimchukue, achukue wa kwanza, atacheka. Ila akamwonyesha jambo moja jema: macho. Yalikuwa bado ya kijivu cha giza. Kasuku mzima huwa na macho ya njano, kwa hiyo huyu ni kinda, hajamaliza hata mwaka tangu atoke yaini. Kinda hufundishika.

Nyie mngechukua yupi? Msinidanganye. Mngechukua wa kwanza.

Kemilembe alichukua wa tatu.

Akamlea, na mwanzoni alimlea vibaya. Alimweka jikoni ili apate joto, moshi ukambana kifua, ndege akawa anahema kwa mlio. Akamtoa upesi. Akampa samaki mkavu, akakataa. Akampa ndizi mbivu, akala. Akampa papai, akala. Akampasulia chikichi, akala huku amefumba jicho moja. Akamletea vijiti vya kutafuna, maana kasuku asiye na cha kutafuna hujitafuna mwenyewe. Jua likiwaka alichovya jani la mgomba katika maji, akamnyunyizia, ndege akatanua mabawa. Na hakumwacha peke yake. Alisukia mikeka kando ya tundu, akamsimulia ukindu umepanda bei, mvua imechelewa, jirani kajifungua mapacha.

Manyoya yakaanza kuchipua, madogo, ya kijivu, kama majivu yaliyopeperushwa. Lakini hakusema neno. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, kimya.

Kisha, mchana mmoja, mvua inanyesha, Kemilembe amekaa anasuka, akasikia mluzi.

Akainuka. Akachukua kibuyu cha maji ya kunawa. Akafika mlangoni. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mwenye mluzi ule amekufa.

Nje hapakuwa na mtu. Mvua tu.

Akasikia nyuma yake: "Kemi."

Hakuna aliyemwita Kemi isipokuwa mmoja. Akageuka taratibu. Kasuku alikuwa ameinamisha kichwa, anamtazama kwa jicho moja. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, sauti ya Bushoke:

"Kemi, umekula?"

Kibuyu kilianguka, kikapasuka. Kemilembe alikaa juu ya maji yale, asijue kama amelowa. Kwanza alidhani mzimu. Alitaka kukimbilia kwa mama mkwe. Lakini miguu ilikataa, na miguu ikikataa akili hupata nafasi. Ndege hasemi asilolisikia. Na hasemi alilolisikia mara moja tu. Yeye mwenyewe alikuwa amemsemesha miezi mizima bila kupata hata neno moja. Kwa hiyo Bushoke amekaa na ndege huyu, tena kwa muda mrefu.

Akayatazama yale macho. Bado yalikuwa na ukijivu, njano ilikuwa inaanza tu pembeni. Kinda. Na Bushoke alikwisha zikwa misimu miwili ya senene, miaka miwili mizima.

Ndege huyu alikuwa hajaanguliwa siku Bushoke alipokufa.

Nasubiri. Nataka hilo liwaingie kama lilivyomwingia yeye.

Hakulala vizuri tena. Alimwona Rutashobya katika kila kitu: Rutashobya amemuuza, Rutashobya amemfunga mahali, Rutashobya analeta chumvi kwa kuwa mkono wake una damu. Hakumwambia mtu. Akangoja.

Rutashobya alipoonekana njiani na mzigo wake, Kemilembe alilitia tundu katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mkeka. Akaacha mlango wa mbele wazi. Yeye akatokea wa nyuma, akajibana ukutani. Alifikiri hivi: mwenye hatia akisikia sauti ya marehemu atapiga yowe, atakimbia, na mbio zake ndizo zitakazokuwa ushahidi.

Rutashobya akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Akabisha mara ya tatu, na kutoka ndani ikaja sauti:

"Kemi, umekula?"

Rutashobya hakupiga yowe. Hakukimbia. Aliweka chini mzigo wa chumvi, akaingia, akasogea karibu na pazia, akasema kwa sauti ya chini, kwa hasira, kama mtu anayemgombeza ndugu yake:

"Bushoke, tumekubaliana nini? Si wewe uliyesema hutaki akuone?"

Kemilembe, kule nyuma, alihisi ukuta umesogea. Alikuwa amejiandaa kwa muuaji. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akaingia. Wakatazamana. Rutashobya akaona uso wake, akaona pazia, akaona ndege, akaelewa. Akakaa sakafuni.

"Tulizika mgomba," Kemilembe akamwambia. "Wewe uliushika upande wa kichwa."

Rutashobya akaanza kusema, akasema yote. Safarini Bushoke alishika chungu kilichotoka motoni, nyama ya kiganja ikaungua, naye anaendelea kusimulia habari zake, hasikii maumivu. Harufu ndiyo iliyowashtua. Rutashobya akamvua nguo, akaona mgongoni mabaka yasiyo na hisia. Ukoma. Enzi zile mwenye ukoma nyumba yake ilichomwa, mkewe alirudishwa kwao, na hakuna aliyekula cha shamba lake. Bushoke akamwapisha rafiki yake aseme chui. Akajenga kibanda msituni. Rutashobya akawa anampelekea maharage na habari. Dhoruba ikaangusha kinda la kasuku, Bushoke akalilea kifuani, akilitafunia ndizi. Hakuwa na mwingine wa kuongea naye, basi akaongea na mkewe asiyekuwapo, kila siku, ndege akisikiliza. Vidole vilipokataa kupasua chikichi, alimtuma Rutashobya ampeleke ndege kwa mtega ndege asije akafa njaa.

Kemilembe hakulia. Alikwenda nyumba ya pili, akamweleza mama mkwe. Kokugonza alisikiliza hadi mwisho, uso umekauka.

"Mwanangu amekufa," akasema. "Nilimlilia. Usiniletee mwingine." Akafunga mlango.

Mama, jamani. Mama mzazi.

Basi Kemilembe akajitwisha tundu, akamwambia Rutashobya atangulie. Wakaingia msituni. Walipokaribia kibanda, kasuku alipiga kelele ambazo hazikuwa za mtu yeyote, kelele za ndege. Mluzi ukamjibu kutoka ndani, kisha ukakatika ghafla. Bushoke alikuwa ameona kivuli cha mwanamke.

Akawaambia wasimame. Akamwambia Kemilembe arudi nyumbani. Akamwambia alitaka aolewe tena, apate watoto, asitengwe na watu kwa ajili yake. Maneno mengi. Ugonjwa haukuwa umemwondolea maneno.

Kemilembe alimwacha amalize.

"Uliona ninaweza kuwa mjane," akasema. "Hukuona ninaweza kuwa mke. Toka nje."

Bushoke akatoka.

Sitawaeleza uso. Nitawaeleza mikono: ilikuwa imefupika, imefungwa matambara, na aliinyoosha mbele kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Kemilembe alikaa chini palipokuwa na matope. Alikuwa ameapa njiani kwamba hatashtuka. Akashtuka. Akafungua tundu kwa sababu hakujua la kufanya. Ndege akashuka, akatembea kwa miguu hadi kwa Bushoke, akapanda kwa mdomo, nguo kwa nguo, akafika begani, akajikunyata shingoni pake.

Na Kemilembe akainuka, akaondoka.

Ndiyo. Aliondoka. Bushoke alimtazama mpaka miti ikamfunika, akaona ni haki yake.

Kesho yake akarudi. Kichwani amejitwisha machipukizi ya migomba, mkononi jembe, mgongoni mkeka. Hakusalimu. Alichagua mahali penye mwanga, akaanza kuchimba. Alichimba siku nzima kwa hasira. Hasira ilipokwisha, shamba lilikuwa limeanza.

Wakaishi. Wateja wake wa gulioni waliacha kununua mikeka yake, akawa anasuka ya kwao tu. Kasuku akaota manyoya yote. Chumvi ya Rutashobya aliipokea, ila ilichukua muda mrefu sana kabla ya kumkaribisha akae.

Migomba ilipozaa, Kemilembe alikata mkungu wa kwanza, akaupeleka mwenyewe kijijini, akauweka mbele ya nyumba ya mama mkwe, akakaa mbali kidogo. Watu wakakusanyika. Habari zilikuwa zimeshaenea: ndizi za mkoma. Akina mama wakawavuta watoto wao. Mmoja akasema uchomwe. Hakuna aliyeusogelea.

Mlango ukafunguliwa. Kokugonza akatoka, amezeeka kuliko umri wake. Akautazama mkungu. Akaleta kisu, akakata chane moja, akamenya hapo hapo uani, akainjika, akapika watu wote wakimwangalia. Ndizi zilipoiva alikula. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Akanawa. Akachukua fimbo yake. Akamwendea Kemilembe, akamwuliza njia ya kwenda huko ni ipi.

Hadithi imefika ukingoni, nami sina daraja la kuivusha. Iliyo tamu ndani yake gawaneni. Iliyo chungu niachieni mimi, koo langu limeizoea.