Mtamba Mmoja, Waokoa Maziwa Watatu

Mnaopenda kubishana, sogeeni. Leo kazi ni yenu.

Milimani Rungwe, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa cha ushirika, walifanya kazi watu watatu. Atuganile alijaliwa mikono: akigusa bomba tu, alijua mashine ni nzima au inaumwa. Ambilikile alijaliwa mwendo: tope lililowashinda wenye malori, yeye na pikipiki yake walilipita. Sekela alijaliwa ubishi, kipaji ambacho hakuna aliyewahi kumpongeza nacho.

Tangi la maziwa lilipozwa na maji yaliyochanganywa na glaikoli, dawa ya kuyazuia yasigande mabombani. Siku moja mabomba yalivuja, yakazibwa, na mwenyekiti wa ushirika akajazia maji matupu. "Maji ni maji," alisema.

Asubuhi moja ya masika, kijiji kizima kimekwisha kuleta maziwa, mashine ikaanza kukoroma. Mwenyekiti akapaza sauti. "Atakayeyaokoa maziwa haya, mtamba wa ushirika ni wake!"

Atuganile alikuwa wa kwanza kusogea. Ng'ombe wake alikufa kiangazi, na mama huyu anayeshinda kwenye maziwa, wanawe walikuwa wanakunywa chai ya rangi.

Akagusa bomba. "Barafu! Zimeni!"

"Tuzime, yachache?" mwenyekiti akang'aka.

Atuganile akazima mwenyewe. Bomba lilikuwa limeshavimba, bado kidogo lipasuke.

Glaikoli ilikuwa Mbeya. Ambilikile akaondoka na mvua, akaanguka, akainuka, akarudi na madumu mawili na goti linalovuja damu. "Mimina, dada! Maziwa hayangoji."

Barafu ilikuwa imeyeyuka. Atuganile akainamisha dumu. Sekela akaziba mdomo wa dumu kwa kiganja.

"Hata leo unabisha?" akauliza Atuganile.

"Nasoma kwanza."

Dumu lile lilikuwa la glaikoli ya magari, sumu tupu. Jingine ndilo la viwanda vya chakula. Rangi moja, harufu moja. Na mabomba yale si yalishawahi kuvuja? Yakivuja tena, sumu ingeingia kwenye maziwa. Wakamimina lililo salama, likatosha. Mashine ikanguruma vizuri, maziwa yakapoa, lori likayapokea.

Ndipo vita vikaanza.

"Nisingezima, mngemimina wapi?" akauliza Atuganile.

"Nisingeleta, mngemimina nini?" akajibu Ambilikile.

"Nisingebisha," akasema Sekela, "mngemnywesha nani?"

Mwenyekiti akamleta mtamba, akampa Atuganile kamba amshikie tu, mpaka wanachama waamue. Atuganile anamtaka mnyama huyu, wala hafichi. Ameikaza kamba mpaka vidole vinamuuma. Lakini kila akiitazama mikono yake, anakumbuka kwamba ndiyo iliyoiokoa mashine, na ndiyo iliyoinamisha dumu la sumu. Mbele yake Ambilikile anachechemea, na Sekela bado amelikumbatia dumu la sumu, asije mtu akalimimina.

Haya, ninyi ndio wanachama. Kamba mtamwachia, au mtaichukua mumpe nani?