Maziwa Yaliyotembea

Haya, wenye masikio mpo?
Tupo nayo yote mawili.
Na mwenye kusinzia?
Apigwe kikumbo.

Basi hapo kale palikuwa na Bi Nguchiro, mfupi kama kisigino, mwenye ng'ombe mmoja na mtoto mchanga. Kesho yake mtoto ananyolewa, na kwa desturi ya kwao kichwa kikinyolewa lazima kipakwe siagi. Kisipopakwa, mashangazi watasema mpaka mwaka uishe.

Sasa siagi haiji hivi hivi. Maziwa yalazwe yagande, yatiwe kibuyuni, yasukwe, yasukwe, na kibuyu kizima kitoe konzi moja tu. Bi Nguchiro akakisukuma kibuyu, kibuyu kikamsukuma. Akakivuta, kikamvuta. Akakaa chini akitweta.

Mara Chui huyo. Yeye maziwa aliyajua ya asubuhi tu, ya moto kutoka kiweleni, ya kunyang'anya na kunywa bila asante. Kazi hakuwahi kuigusa.

"Leta hicho kibuyu, we kipande cha mkia."

"Chukua, Bwana Mkubwa. Ila maziwa yaliyokaa ni ya akina sisi. Wakubwa hunywa yaliyotembea."

"Yakatembea wapi?"

"Mgongoni. Kifunge, ukizunguke kile kichuguu mbio mpaka yabadili sauti."

Chui akazunguka. Chubwi-chubwi, chubwi-chubwi.

"Tayari?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Yanasema maji."

Akazunguka. Chubwi-chubwi, chubwi-chubwi. Jua likafika utosini, ulimi ukafika kifuani. Mara pu, pu, pu.

"Haya, sasa yanasema utamu."

Chui akafungua, akalamba, akachungulia. Mabonge ya manjano yanaelea.

"Mbona yana vipele?"

Bi Nguchiro akarudi nyuma hatua tatu. "Maskini, yameugua. Umeonja?"

"Nimelamba kidogo tu."

"Hata babu yako alilamba kidogo tu. Kabla ya hapo ngozi yake ilikuwa safi kama yai."

Chui akajitazama. Madoa ubavuni, madoa pajani, madoa mpaka mkiani.

"Yataongezeka?"

"Wahi mtoni, ujitose mpaka shingoni. Kibuyu niachie nikakizike."

"Utaambukizwa, mama."

"Acha nife mimi, nchi isikose mkubwa."

Chui akaondoka analia kwa huruma. Bi Nguchiro akaopoa siagi yake, na mtindi uliobaki akaunywa gudu-gudu-gudu.

Kesho yake kichwa cha mtoto kiling'aa hata mashangazi wakakosa la kusema, wakaishia kupiga vigelegele. Chui akapita kwa mbali, kalowa, anapiga chafya.

"Mama, huyo mtoto kapakwa nini?"

"Dawa, Bwana Mkubwa. Nilizika kile kibuyu, naye kaamka na vipele."

"Pole sana. Mimi maziwa siyagusi tena, hata ya asubuhi."

"Afya kwanza, bwana wangu."

Ngano hii yatufunza kwamba atokaye jasho ndiye alaye. Anayebisha akamuulize Chui. Mimi yangu yamekwisha. Aliyekalia kiatu changu ainuke, naenda zangu.