Siri ya Chai ya Mwanakheri

Bwana Semboja, tajiri wa Muheza, alifungua hoteli yenye wahudumu ishirini, lakini watu wakazidi kujazana ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Mwanakheri muuza chai. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha Semboja, basi akamvamia.

"Nipe siri yako, la sivyo Jumamosi uhame!"

"Siri hii haisimuliki, bwana wangu, hunywewa. Njoo kila asubuhi mpaka siku hiyo."

Akaenda. Siku ya kwanza aliulizwa mbona anachechemea. Siku ya pili akakuta kiti chake kimewekewa mto, upande wa nyonga ya kushoto. Siku ya tatu chai ikaja na tangawizi tele na sukari kiduchu, vile vile apendavyo, na kitumbua kilichobabuka kingo kama vitumbua vya marehemu mama yake.

Jumamosi akakuta masufuria yamefungwa kwenye kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Nahama, bwana. Siri si umeshainywa?"

"Na mimi kesho nitakunywa chai wapi?"

"Hotelini kwako. Una wahudumu ishirini."

"Wale?" alifoka Semboja, huku akiifungua ile kanga kwa mikono yake mwenyewe. "Wale hawajui hata nyonga inayoniuma ni ipi!"