Mnyama Aliyekataa Kurudishwa Baharini

Nianze?
— Anza, Bibi!
Mkisinzia?
— Tufinye!

Haya. Msije mkalia nikiwafinya.

Zama hizo, wajukuu zangu, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino la kwanza, wakati samaki wakija wenyewe mlangoni kuuliza hali, palikuwa na kisiwa kiitwacho Fungurefu. Watu wa Fungurefu walikuwa wema. Nisikieni vizuri: wema. Balaa la kisa hiki halikuletwa na mtu mbaya hata mmoja, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Walikuwa na mila waliyojivunia. Nguva akikwama mchangani, maji yakamkimbia, kijiji kizima kinashuka. Nguva mnamjua? Yule mnyama mkubwa wa baharini, mpole, mla majani, anayenyonyesha mwanawe kama mama zenu walivyowanyonyesha. Nchi kavu hana maisha. Uzito wake mwenyewe unamkandamiza kifua. Basi watu wa Fungurefu humfunika shuka mbichi, wanaume wanane humsukuma, wengine huimba, hata maji yamchukue. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Mzee Famau. Aliokoa nguva sita. Sita! Ukikaa naye kula, hujameza tonge la pili ameshakusimulia habari za yule wa kwanza.

Asubuhi moja ya kipupwe akaonekana mnyama mchangani. Mnono, wa kahawia, amelala ubavu, anakoroma.

"Nguva!" akapiga kelele Mzee Famau. "Nguva wa saba!"

Wakamfunika. Wakamsukuma. Wakaimba. Mnyama akanguruma, wakasema analia kwa shukrani. Akamuuma mmoja kidole. Wakasema ni homa. Akazama, wakapongezana, wakaenda kula.

Kesho yake yuko pale pale.

Wakamfunika. Wakamsukuma. Wakaimba, safari hii hadi maji ya shingo, wakamwacha huko.

Keshokutwa yake je?
— Yuko pale pale!
Yuko pale pale. Lakini sasa anahema, ubavu unapanda na kushuka, macho mekundu.

Palikuwa na mwanamke kijana, Mwanamize, mshika pweza. Enzi hizo kila mwanamke alirithi kwa mama yake mashimo ya pweza kule mwambani, kama nyinyi mtakavyorithi nyumba hii mkiacha kuchora kutani. Mwanamize alikuwa na mashimo kumi na moja, na ndiyo yaliyomlisha yeye na mama yake. Mshika pweza hana kazi kubwa kuliko kutazama: jiwe lipi limesogea, ganda lipi limetupwa nje ya shimo. Basi siku ya kwanza alimtazama mnyama. Siku ya pili akamtazama. Siku ya tatu akasimama kati ya mnyama na wanaume.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akajibu Mzee Famau. "Pisha kamba. Leo tunamvuta hadi nje ya mwamba, mkondo umchukue moja kwa moja."

"Babu, nguva ana manyoya?"

"Huyu mzee. Kaota ndevu."

Watu wakacheka. Mwanamize hakucheka.

"Na masikio, kayaota pia? Na miguu ya nyuma? Nguva ana mkia kama wa pomboo. Huyu ana mapezi manne, na anayatembelea. Jana nimemwona kwa macho yangu. Hakutupwa na maji, babu. Kapanda mwenyewe."

"We binti, tangu lini washika pweza wakatufundisha nguva?"

"Tangu waokoa nguva walipoacha kutazama wanachokiokoa."

Lo! Wanawake wakaziba midomo kwa ncha za kaniki. Mwanamize akaokota majani ya baharini, chakula cha nguva, akamrushia mnyama. Mnyama akageuza uso. Mwanamize akatoa mkono wa pweza kapuni mwake, akaurusha. Mnyama akaudaka hewani, akameza, kisha akatazama. Hakutazama mkono wa Mwanamize, alitazama kapu. Keshajua kinatoka wapi.

"Mgonjwa hula chochote," akasema Mzee Famau, lakini sauti imepungua. "Jua litampiga, atakufa, na bahari itatudai majibu."

Hapo Mwanamize akaona kitu kikicheza chini ya ngozi ya tumbo la mnyama. Kikacheza tena.

"Ana mimba! Siku tatu anatafuta pa kuzalia, na mara mbili mmemtoa chumbani mkimwimbia!"

"Nguva huzaa majini!"

"Na mimi nasema nini? Nguva huzaa majini, babu. Huyu hataki maji!"

Wanaume wanane wanatazama kamba. Mzee Famau naye, ikiwa huyu si nguva, basi siku tatu hizi amefanya nini? Jibu hilo si jepesi kulimeza mbele ya wajukuu.

"Nipeni siku moja," akasema Mwanamize. "Leo tu. Jua likizama amekufa, chukueni mashimo yangu yote kumi na moja."

Mama yake akashika kichwa. "Mwanamize! Tutakula nini sisi, hoja?"

Lakini neno limeshatoka. Mzee Famau akaweka kamba chini, akakaa juu yake.

Wakangoja. Asubuhi mnyama akalala. Mtu akinong'ona, sikio lake dogo linacheza. Mtu akisogea, jicho moja linafunguka. Jua lilipofika utosini akainua pezi la nyuma akajikuna shavu, taratibu, kama mbwa. Mzee Famau akakohoa. Nguva wa kujikuna hajapata kumwona.

Alasiri mnyama akaanza kuhangaika. Akajipinda huku, akajipinda kule. Mwanamize akauma kidole, maana watu walisema, "Huyo anakata roho," na mama yake akaanza kulia. Kisha, pwaa! Mtoto mchangani. Mweusi, amelowa, macho wazi.

Mama akamnusa. Akamwita. Mtoto akajibu kwa kijisauti chembamba. Akamwita tena, akajibu tena, mara nyingi mno, kana kwamba wanafundishana majina.

Likaja wimbi. Halikuwa kubwa, lilikuwa la kufika magotini mwenu tu. Likamzoa mtoto, likambiringisha. Hajui kuogelea! Mtoto wa bahari, na hajui kuogelea! Kijisauti kikakatika. Mama akajitupa, akamuuma ngozi ya shingo, akamburura juu, juu, hata mchanga mkavu. Mtoto akakohoa maji. Akaita.

Mzee Famau alikuwa amefunika uso.

"Jana nilimpeleka maji ya shingo," akasema. "Angezaa kule, tungekuwa tumezamisha mtoto. Kwa wimbo."

Sasa Mwanamize, nawaambia ukweli, alikuwa na maneno makali manne tayari mdomoni. Mimi ningeyasema yote. Yeye akamtazama yule mzee, akayameza, akampa maji ya kunywa.

Mnyama yule siku hizi wasomi wanamwita sili. Makwao ni kusini kwenye baridi, na jinsi alivyopotea njia hata Fungurefu, mwulizeni mwenyewe. Alikaa nao miezi. Huenda kuvua siku mbili tatu, akirudi anaita, mtoto anajibu. Watoto watundu, kama wengine ninaowaona hapa, wakajificha nyuma ya mawe wakaigiza kile kijisauti. Hakugeuka hata shingo. Alipita katikati yao hadi kwa mwanawe.

— Bibi, hakuwauma?
Alimuuma mmoja. Alistahili.

Mtoto akanenepa, akajifunza kuogelea kwenye vidimbwi, akajifunza maji makubwa. Asubuhi moja mama na mwana wakashuka mchanga, wakisimama, wakitembea, wakisimama. Kijiji kizima kinatazama. Mzee Famau amefunga mikono mgongoni.

"Mikono inaniwasha, Mwanamize."

"Vumilia, babu. Wanakwenda."

Wakaingia majini wenyewe. Kichwa kimoja kikubwa, kimoja kidogo, kisha maji matupu. Mzee Famau akacheka hata akatokwa na machozi. Tangu siku hiyo alisimulia nguva sita na sili mmoja, na huyo sili ndiye aliyemsimulia kwanza.

Sisemi msisaidie watu. Atakayeniambia nimesema hivyo nitamfinya. Saidieni, lakini kwanza mtazameni yule mnayemsaidia, mjue anakwenda wapi. Na mkishamsukuma akarudi pale pale, msiongeze wanaume wa kusukuma. Muulizeni. Asiye na mdomo, mtazameni mpaka awaambie.

Kisa nimewapa kikiwa kizima. Atakayekwenda kukisimulia asikivunje mguu njiani.