Kasuku Aliyekataa Kuwa Ndege

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaa!

Sasa tunaelewana. Hapo zamani za kale alikuwapo Ngedere. Alikaa na mkewe juu ya mkuyu mkubwa. Mkuyu ulikuwa wa Simba. Ngedere alikuwa mpangaji tu.

Ngedere huyo alifuga kasuku. Alimtoa tunduni hajafumbua macho, mama yake akiwa ameenda kutafuta mbegu. Akamlisha kwa mkono wake, uji wa mtama, vuguvugu. Kinda likafumbua macho, likamwona nani? Ngedere. Likalia, akaja nani? Ngedere.

"Kinda la kulishwa kwa mkono ndilo linalosema," Ngedere aliwatambia wanyama. "Lililolelewa na mamaye hupiga kelele tu."

Na kweli, Kasuku akasema. "Shikamoo, Mfalme! Pole na kazi!" Simba akasikia, sharubu zikamsimama.

"Ngedere! Nataka makinda ya huyo. Mvua ikianza nakuja. Nikiyakosa, uhame mkuyu wangu."

"Hilo tu, Mfalme?"

Ngedere akaenda porini, akarudi na kasuku jike. Akamweka kwenye tundu la mti, karibu na dume. Dume akamtazama jike. Akamtazama Ngedere.

"Huyu nani?"

"Mkeo."

"Huyu? Ana mabawa!"

"Na wewe unayo."

"Haya yangu ni maradhi. Yatapona."

Jike akaimba. Dume akampa mgongo. Akaruka, puruu, hadi begani kwa Ngedere. Akatikisa shingo, juu chini, juu chini. Kwe! Kwe! Kwee! Mtama wote wa asubuhi akautapika sikioni mwa Ngedere.

"Kula, laazizi."

Ndivyo kasuku wanavyochumbiana: apendaye humtapikia apendwaye. Ngedere alilijua hilo. Siku hiyo na mkewe akalijua.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "tangu lini?"

"Mke wangu, huyu ni ndege tu!"

"Mwenyewe anasema si ndege."

Kila siku jike aliimba. Kila siku sikio la Ngedere lilijaa. Ngedere akabembeleza. Akafoka. Akamnyima uji. Kasuku akalia: "Umepata mwingine?" Mke wa Ngedere akisogea, Kasuku anamng'ata kidole cha mguu. "Toka kwa mume wangu, we mwanamke!"

Jike akachoka. "Nilidhani nimeletewa mume," akasema, "kumbe nimealikwa kwenye harusi ya watu." Puruu! Akaenda zake.

Wingu likafunga. Mvua ikaanza, cha-cha-cha. Na Simba huyo!

"Makinda yako wapi?"

"Mfalme, jike ametoroka."

Simba akamgeukia Kasuku. "Wewe, una mke?"

"Shikamoo, Mfalme. Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Ulikuwa unaongea naye sasa hivi."

Kwe! Kwee! Mbele ya Mfalme! Wanyama wakaanguka chini, wakashika mbavu. Simba hakucheka.

"Ngedere, ni kweli?"

Ngedere akafuta sikio. Akafikiri. Akisema si kweli, mkuyu umekwenda. Akisema kweli, heshima imekwenda. Akautazama mkuyu, kivuli chake, kuyu zake zilizoiva.

"Kweli, Mfalme," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi makinda yanakuja," akasema Simba. "Ingia tunduni uatamie. Sitamfukuza mja mzito."

"Nenda, bibi harusi," akasema mkewe kutoka tawi la juu. "Mkuyu nitautunza mimi."

Ngedere akaingia tunduni, magoti kidevuni, mkia nje. Kasuku akakaa mlangoni kulinda. Kila mpita njia alisalimiwa: "Karibu! Mke wangu hajambo, ila hatoki."

Funzo lake ni hili: ukimsahaulisha mtoto kwao, usilalamike akihamia kwako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye usingizi akalale. Mwenye kinda la watu akalirudishe.