Mikono Miwili ya Kushoto

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyeshona sare za shule miaka kumi na minane bila kugusa koti hata moja. Siku moja jirani akamletea kitambaa cha koti la mwanawe, bwana harusi. Kilitosha koti moja tu, na dukani kilikuwa kimekwisha. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Fundi akafungua somo la video kwenye simu. Somo la mtandaoni, unalifungua saa unayotaka. Kila hatua linasimama na kukungoja ubonyeze: “Nimeelewa” au “Uliza”.

Likafika kwenye mikono. Mwalimu akalaza karatasi ya umbo la mkono juu ya kitambaa, akakata. Akaisogeza kando, akakata tena. Somo likasimama.

Fundi akatazama kitambaa chake. Upande mmoja uling’aa, wa pili haukung’aa. Mbona karatasi haikugeuzwa kwa mkono wa pili? Akarudisha nyuma, akatazama tena. Hata mara ya tatu haikugeuzwa.

“Shoga, bonyeza ‘Nimeelewa’ twende,” akasema mwenzake wa cherehani ya pili. “Ukiuliza, mwalimu atajua fundi mzima hajui mkono wa koti!”

“Na nikikosea, bwana harusi ndiye atakayevaa ujinga wangu.”

Akabonyeza “Uliza”. Baada ya dakika chache mwalimu mwenyewe akatokea kwenye kioo.

“Mwalimu, mbona karatasi hukuigeuza?”

Mwalimu akaenda kulitazama somo lake, akarudi akijifuta jasho.

“Mama, nilikatia kitambaa kisicho na uso wala mgongo, kipande chake unakigeuza tu, ndiyo maana sikuona kosa. Watu mia tatu wamepita hapo, wote wakabonyeza ‘Nimeelewa’. Kumbe ndiyo maana wananitumia picha za makoti yenye mikono miwili ya kushoto! Nami nawajibu, rudieni somo.”

Mnacheka, wapendwa? Nani aliyewapoteza wale mia tatu, mwalimu aliyekosea, au aibu yao wenyewe? Na sisi je? Tunaitikia “Amina” kabla sentensi haijaisha. Mtoto akiuliza kwa nini Mungu hakumponya bibi, tunamwambia nyamaza. Tunaiita heshima. Mungu hajapata kumfukuza mtu kwa swali, lakini sisi tumeshawafukuza wangapi?

Leo sitaki “Amina”. Nakaa hapa mbele. Wa kwanza kuuliza ni nani?